Ngazi ya Mlangoni

Kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kuliko misumari iliyobaki stoo. Shemeji hajambo? Watoto je, na lile goti lako linalouma baridi ikianza? Mimi mwili ni mzima, chakula kinapita. Moyo ndio umekaa vibaya, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu, mimi niliyeiacha shule kabla haijaniacha yenyewe.

Unajua mdogo wako anavyouza. Nimezunguka miji, nimewauzia majembe watu wasio na shamba. Hawakuniita Redio bure. Tangu baba atuachie duka la vifaa, ngazi inasimama mlangoni, na mteja akiuliza kama ni imara simjibu kwa mdomo: napanda mpaka juu, nacheza, nashuka nikijipigia makofi. Mtaa mzima umeniona.

Basi akaja fundi rangi mmoja tunayemwita Bonge, mtu wa utani, mkono wake mnene kama paja langu. Akanieleza vizuri kabisa: amepata kazi ya kupaka dari ya ukumbi, atasimama juu kutwa yeye na ndoo yake, na uzito wake nauona mwenyewe. Nikapanda, nikacheza kuliko siku zote. Nikamwambia hii hata akipanda na mkewe mgongoni haitalia. Akacheka, akasema mkewe ndiye atakayelia. Nikaingia stoo nikamtolea mpya, bado iko kwenye nailoni yake, kutoka ule mzigo wa bei poa niliokusifia kwenye simu.

Kidato kilikatika akiwa karibu na dari. Kaka, mtu yule hasimami tena. Analala karibu na dirisha, mkewe anamgeuza kama godoro.

Mkewe akatushtaki. Nikatafuta wakili, mwenye tai ndefu kuliko maelezo yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi: risiti zetu zimeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, na ahadi ya mdomo haina mhuri. Kazi yangu ni kunyamaza tu. Fikiria, mimi, kunyamaza.

Na ningeweza. Lakini Bonge aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, akamwambia hakimu kwamba pengine kosa ni lake, labda alikanyaga vibaya, kwa sababu ile ngazi alimwona Redio akicheza juu yake kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa ananitetea, kaka. Nikajikuta nimesimama, wakili ananivuta shati.

"Mheshimiwa," nikasema, "ngazi niliyoipanda mimi siyo aliyoondoka nayo."

Hakimu hakupandisha sauti. Alisema kucheza kwangu ni ahadi kama ahadi nyingine, na maandishi ya risiti hayawezi kuifuta. Tena hata ningekuwa bubu, maadamu niliambiwa ngazi ni ya kazi gani, nilipaswa kutoa inayoifaa kazi hiyo. Kwa hiyo duka la baba linauzwa, lako na langu, ili Bonge atunzwe. Najua nilipaswa kukuuliza kwanza, lakini mdomo ulishatangulia, kama kawaida yake. Ngazi zilizobaki stoo nimezikata kwa msumeno, mimi mwenyewe.

Kuna jambo moja sikulisema mahakamani, nakwambia wewe. Juzi nilikwenda kumtazama. Nilijipanga na utani wangu wote, ukaishia mlangoni. Bonge akaniuliza taratibu, "Redio, kwa nini hukuipanda ile yangu?"

Nilipoitoa stoo, kaka, mkono wangu ulijua. Ilikuwa nyepesi mno. Nikamwambia kweli: niliogopa kuanguka.

Akageuza uso kuelekea dirishani. Mkewe akanifungulia mlango.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Siku ukija, utapita pale dukani na hutaona chochote kimesimama mlangoni. Usiniulize, nimeshakujibu.

Ni mimi mdogo wako,
Redio