Shimo Halilali Wazi

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, mvua imekatika.

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi, na kwanza nikujibu lile ambalo ungeanza nalo: sote tu wazima. Baba mzima, anakula na anakosoa. Mimi nami mzima, ila goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua, na linatabiri vizuri kuliko redio. Ninyi je, huko mliko? Kile kifua chako kimepoa? Usiniandikie tu kwamba unaendelea vizuri, kama kawaida yako. Nataka kujua unakohoa au hukohoi, na kama umenunua lile sweta nililokuambia.

Picha za watoto zimefika. Huyo mdogo amerithi paji la uso la Baba, maskini, sasa tumwombee nywele. Baba ameiweka picha yake kando ya redio, na kila mgeni hulazimika kuitazama kabla hajapewa kiti.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu, maana ninalotaka kukuambia ni refu, na simu yako hukatika palepale penye maana. Kaa kitako.

Kaka yako Nondo alipata kazi ya kuchimba mtaro wa maji machafu kwenye kiwanja kilichokuwa gereji zamani. Mwenye kiwanja anajenga maduka, na ni mtu wa masharti. Alitaka mkandarasi alete bima mbili, ile ya kawaida na ya pili ya uchafuzi. Nondo alipandwa na hasira, akasema sisi ni wachimba mitaro, hatuna kiwanda cha kutoa moshi, hiyo bima wakakate wenye viwanda. Unamjua kaka yako, mwili sindano, maneno gunia. Wakala wa bima akatueleza taratibu kwamba bima yetu ya kawaida hulipa tofali likimwangukia mpita njia, au kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, kikigonga ukuta wa jirani, lakini uchafu ukiingia ardhini au majini, imeandikwa wazi kuwa haumo. Wala si lazima uchafu uwe wako. Ukiuamsha ulikolala kwa sepetu lako, umekuwa wako. Nikamwambia Nondo akate. Akakata huku amenuna, akaipa jina, bima ya mashetani.

Hayakupita majuma mengi. Alasiri moja kijiko kikagonga chuma chini ya ardhi. Lilikuwa tangi la mafuta la gereji ile, limezikwa na kusahauliwa na waliolizika. Likatoboka. Udongo ukawa mweusi, harufu ikapanda. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki; mafuta ya kale yananuka, mdogo wangu, tena yanauma macho.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na sidhani kama kuna kampuni nyingine ambayo ingelifanya. Unaikumbuka sheria ya Baba: shimo halilali wazi. Shimo ambalo kazi yake imesimama hufukiwa kabla vibarua hawajanawa mikono, hata kama kesho litafukuliwa tena. Ni hasara tupu, na wakandarasi wenzetu hutucheka. Nondo alipoyaona mafuta alisimamisha kazi, na hilo alilifanya vizuri. Kisha jua lilipoanza kuzama, akafanya alichokifanya maisha yake yote. Akarudisha udongo wote shimoni, ule mweusi nao, akashindilia, akaenda kuoga. Kesho yake akampigia simu mwenye kiwanja, ambaye alikuwa safarini, wakakubaliana wataongea akirudi. Mimi hakuniambia kitu.

Mvua ikanyesha. Kiwanja kile kina mteremko, na chini yake anaishi mama mmoja anayefulia watu nguo, mtaa mzima unamwita Mama Sabuni. Ana kisima uani kwake, na kisima hicho ndicho kinachomlisha. Siku chache baadaye alikuja ofisini, akaweka shuka jeupe juu ya meza yangu, limekunjwa vizuri na kupigwa pasi.

"Mimi sikuja kugombana," akasema. "Nusa."

Nikanusa. Ilikuwa dizeli. Nikamwomba radhi, nikampigia simu wakala wa bima, huku mama wa watu akiwa bado ameketi mbele yangu, na nikaagiza lori la maji safi liende kwake siku ileile. Aliniambia wateja wawili wamekwisha kuchukua nguo zao. Hakulia wala hakutukana, na mimi nilitamani atukane.

Watu wa bima wakamleta mkaguzi, mwanamke mpole mwenye viatu vya mpira na kalamu nyuma ya sikio. Alitaka shimo lifukuliwe, akachukua udongo kwenye vichupa, akachota na maji ya kisima. Kisha akaja kuketi nasi ofisini.

"Mliyaona mafuta, mkayafukia," akasema. "Niandike nini hapo?"

Nondo akamjibu kwamba ndivyo tulivyolelewa. Hata mimi dada yake niliona jibu lenyewe jepesi kama karatasi. Mkaguzi akatueleza, bila kupandisha sauti, kwamba bima hulipa ajali, hailipi kilichofichwa kwa makusudi. Akiandika kuwa tulificha, gharama yote ya kuondoa udongo ule na kusafisha kisima itakuwa juu yetu. Hatuna uwezo huo, mdogo wangu. Tungeuza kijiko, kisha yadi, na nyumba hii anayolala Baba imo humohumo yadini. Na hata hapo sidhani kama kisima cha Mama Sabuni kingepona. Nilimtazama Nondo, nikaona maneno yamemwisha, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Baba alikuwa kwenye benchi nje ya dirisha. Sisi tulidhani anasinzia. Akaingia na fimbo yake, akakataa kiti, akamwambia mkaguzi habari ambayo mimi na Nondo hatukuwahi kuisikia.

"Nilichimba shimo la choo nyuma ya nyumba. Jioni nikachoka, nikasema nitalifunika kesho. Alfajiri mwanangu mdogo akanitangulia kuamka. Nilipomkuta humo hakuwa analia. Alikuwa ananitazama tu."

Ni wewe, mdogo wangu. Ni ule mguu wako.

Mimi na Nondo tulikuwa kwa bibi wakati ule. Tuliporudi tulikukuta umefungwa mguu, marehemu Mama akasema ulianguka kwenye ngazi, na habari ikaishia hapo. Wewe nawe umeambiwa ngazi maisha yako yote. Nimeshinda juma zima nikiifikiria nyumba yetu ile ya zamani, na haikuwa na ngazi hata moja. Tumekulia humo watoto watatu, tumetoka humo, tumeota mvi, na hakuna aliyewahi kuuliza ni ngazi ipi.

Nililia, sikufichi. Nondo alitoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye kijiko. Baba alibaki amesimama vilevile, anamtazama mkaguzi kama mtu anayengoja kutajiwa adhabu yake.

Mkaguzi hakusema kama ameamini au hakuamini. Aliaga, akaondoka, nasi tukadhani amekwenda zake. Kumbe alikwenda bila taarifa kwenye kazi yetu nyingine, upande wa pili wa mji, akasimama ng'ambo ya barabara hadi saa ya vibarua kutoka. Akawaona wanaufukia mtaro ambao wameuchimba mchana kutwa, mtaro safi usio na tone la mafuta, na mabomba yake yamelala pembeni yanasubiri. Akavuka barabara, akamwuliza kibarua mmoja sababu. Yule naye, bila kujua anaongea na nani, akafungua moyo.

"Dada, hata sisi tunashangaa," akamwambia. "Tunafukia leo, tunafukua kesho. Ukoo huu una wazimu na mashimo."

Basi wazimu huo ndio uliotuokoa. Mkaguzi ameandika kuwa ni mazoea ya kazi, tena mazoea mabaya, lakini hatukuficha. Bima itagharamia kuondoa udongo na kusafisha kisima, na itamfidia Mama Sabuni kwa kazi aliyoipoteza. Sisi tutatoa ile sehemu ya kwanza ambayo mkataba unatutaka tutoe, na tutaipata, japo Nondo atakonda zaidi, kama bado ana pa kukonda. Siku hizi ukitaja bima ya mashetani mbele yake, anageuza mazungumzo.

Nilimpelekea Mama Sabuni mashuka ya nyumba nzima ayafue kwa maji ya lori. Ameyarudisha meupe, hayana harufu, na hakunipunguzia bei. Nilifurahi hakunipunguzia.

Ila mkaguzi ametuwekea sharti. Tangu sasa, tukikuta ardhini harufu au rangi tusiyoielewa, tusiguse. Tuzungushie uzio, tupige simu siku hiyohiyo, na shimo libaki wazi mpaka wataalamu wafike. Lile la gereji limeachwa hivyo, na litakaa wazi majuma kadhaa kwa sababu kazi ya kusafisha inakwenda polepole.

Baba alilisikiliza sharti hilo mpaka mwisho, akalikubali. Kesho yake akabeba kiti. Sasa kila jioni vibarua wakitoka, yeye ndipo anapoingia. Anaketi kando ya uzio, fimbo magotini, analitazama shimo. Mlinzi akija hainuki. Nondo amemsihi, mimi nimemgombeza, Mama Sabuni anampelekea chai na kumchekesha, lakini wapi. Juzi nikamwuliza anangoja nini pale.

"Yule mtoto ataambiwa na nani?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba nitakuandikia mimi. Akasema, "Mwambie hakukuwa na ngazi."

Basi nimekuambia. Sijui utalipokeaje, na sitakufundisha namna ya kulipokea. Mimi mwenyewe kuna siku namkasirikia, kisha namwona anavyonyoosha shingo kuchungulia chini ya ule uzio, na hasira inaniishia.

Nisalimie wifi yangu, mwambie kitambaa chake nimekishona na kimenikaa. Wabusu wanangu wote wawili, hasa huyo mwenye paji. Nondo na mkewe wanakusalimu, na Mama Sabuni naye, ingawa hamjuani, amesema nisimsahau. Mungu aifunike nyumba yenu kwa amani, awape kazi isiyowachosha kupita kiasi, na awanyooshee njia ya kuja kutuona.

Ombi moja tu. Ukimaliza kusoma, mpigie Baba simu, jioni, saa ya vibarua kutoka. Usimwulize habari za mguu. Mwambie kwamba uzio ni imara, mlinzi yupo, na wewe ndiye uliyesema arudi nyumbani akapumzike. Sisi wengine tukimwambia hasikii.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyekubeba mgongoni mwaka ule mzima, nikiilaani ngazi.