Mikato Miwili na Mmoja

Mjomba,

Nimekaa nyuma ya duka, sufuria zimenizunguka pande zote, na kopo lako la biskuti liko mapajani. Nililibeba kutoka Wusi siku tulipokuzika na sijalirudisha. Leo nimelifungua ili nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama.

Nimeharibu vitu vyako. Si mwizi wala panya, ni mimi.

Watu wa Voi walikuita Mzee Vyuma. Ulikuwa unawahi kwa wanunuzi wa skrapu kabla hawajapakia lori, unachutama kwenye lundo, unarudi na kitu kimoja mfukoni ukiwa na furaha ya kutwa nzima. Medali ya vita isiyo na utepe. Senti kumi yenye tundu. Na zaidi ya vyote, vile vipande vya shaba vya mashamba ya mkonge, vya duara, vyenye namba na tundu la kupitishia kamba, ambavyo wafanyakazi walivaa shingoni. Mimi nilikucheka. Nilikuuliza kama vinaliwa. Ukanijibu, "Hawa ni watu, Mkamburi. Usiwatie maji." Nikadhani ni uvivu wa mwanamume asiyejua kuosha vyombo.

Siku moja kabla ya mazishi kamati ilisema viwekwe mezani karibu na picha yako, watu wavione. Nikalifungua kopo. Vilikuwa vyeusi, vimeota kijani pembeni, nikaona haya kwa niaba yako. Mimi nauza sufuria, na nimelelewa na dada yako, ambaye akikuta sufuria yangu ina doa anaianika nje majirani waione. Nikachukua majivu, ndimu na waya wa kusugulia, nikakaa kwenye mfereji nikavisugua kimoja kimoja, mbele na nyuma. Nyuma hasa, kwa sababu huko kulikuwa na mikwaruzo mingi. Niliiona, Mjomba. Niliiona nikaongeza nguvu.

Watu walisifu. Mchungaji alishika kimoja akajiona uso. Nilivimba kichwa, siwezi kukudanganya.

Wiki mbili baadaye Nyanya Wakesho akaja dukani kutoka Mwanda na mfuko wa maparachichi. Sikuwa nikimjua. Akasema ulimpigia simu kabla hujalazwa, kwamba umepata kipande cha baba yake ulichokuwa ukimtafutia. Baba huyo hakujua kusoma, namba haikumsaidia kitu, kwa hiyo alichora nyuma ya kipande kwa msumari alama ile ile aliyowakata mbuzi wake masikioni: mikato miwili upande mmoja, mmoja upande wa pili. Alishuka kwenda mkongeni, akafia huko, akazikwa huko, na nyumbani hawakuletewa hata shati lake. "Nipe nikishike tu, mwanangu," akasema.

Nikaenda nyuma, nikavigeuza vyote. Vilikuwa laini kama kijiko.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: Nyanya, nimeifuta alama bila kujua. Angelia, angenisamehe au angekataa, na ingekwisha. Lakini nilichungulia nikamwona amekaa kwenye kigoda cha wateja, amejifunga kitambaa cha kwenda kanisani, ametulia, anangoja. Nikachukua kipande chochote. Nikachukua msumari. Nikakwaruza miwili, halafu mmoja, nikapaka na masizi ya sufuria ili ionekane alama ya zamani.

Macho yake hayaoni vizuri. Alikipapasa kwa kidole gumba, polepole, akasema, "Ni baba. Mkono wake ulikuwa mzito hivi hivi." Nikapokea yale maparachichi, Mjomba. Nikayala.

Jumapili amenipigia simu. Anasema amekivaa shingoni kwa uzi, kila mtu kanisani amekiona, na amewaagiza wajukuu wasije wakamzika bila hicho. Akakuombea wewe, akaniombea na mimi. Nikaitikia amina.

Jana nimelimwaga kopo lote. Chini kabisa, chini ya gazeti ulilotandika, nimekuta kijitabu chako. Umeandika kila namba na ulichokiona nyuma yake: msalaba, jani, herufi iliyopinduliwa. Sikujua kama ulikuwa unavisoma hivyo. Nimekuta mstari huu: "214. Mikato miwili na mmoja. Wakesho wa Mwanda apewe." Basi nikatafuta kile nilichompa, kwa sababu namba yake ninaikumbuka vizuri. "87. Samaki mdogo. Mwenyewe bado."

Kwa hiyo Nyanya amevaa baba wa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine nimemfuta samaki wake nikamwekea alama ya mbuzi. Na baba yake mwenyewe alikuwa humu koponi siku ile, mbele ya macho yangu, nimemsugua mpaka hana mkono.

Naona aibu. Sina neno la kuipunguza, na wewe hukupenda mtu anayejitetea sana.

Jumamosi nitafunga duka nipande Mwanda. Nitabeba kijitabu, nimsomee mstari wake mbele ya hao wajukuu, kisha nimweleze yote kuanzia majivu mpaka masizi. Akinifukuza, nitakuwa nimefukuzwa kwa haki. Ile 87 nitamwomba anirudishie, nami nitamtafuta mwenyewe hata kama itanichukua miaka, maana sasa hana alama ya kumtambulisha isipokuwa maneno yako mawili.

Pumzika, Mjomba wangu. Hiyo 214 ninayo mkononi ninapokuandikia, na msumari bado uko pale dirishani. Nitampa kikiwa laini hivi hivi. Sitakichora.

Mkamburi wako