Mama Kwenye Keria

Siakago,
Jumatano jioni.

Kwa shemeji yangu Gitari,

Pokea salamu zangu na za dada yako Wanjira. Natumaini wewe, Alice na watoto hamjambo, na ile Probox yako pia haijambo, maana najua ndiyo unayoijulia hali kwanza ukiamka. Sisi huku tu wazima. Mikwaruzo ya miiba mikononi mwangu imekauka, ijapokuwa hukuuliza. Nakuandikia kwa sababu simu zangu hushiki, na siku moja uliyoshika ulinikatia kabla sijamaliza kukusalimu. Karatasi huwezi kuikatia. Unaweza kuichana, lakini nakuomba uisome kwanza.

Habari ya kikao nimeipata. Mzee Muchangi wa ukoo wenu alipitia hapa buchari kwa Kasim ninakouza nyama, akanieleza huku ameangalia chini, kwa kuwa yeye ni mtu mwenye haya. Alisema umewaita wazee kwako Jumamosi. Umewaambia kwamba mimi, niliyeoa katika boma lenu, nilimpakia mama mkwe wangu kwenye baiskeli akanishika kiuno, barabarani, watu wakiona. Unataka nitoe mbuzi wa kuusafisha uthoni, miiko ya mtu na mkwewe niliyoivunja. Mpaka nimtoe, nisikanyage kwenu, Wanjira naye asikanyage, na mama arudishwe kwako. Mzee alisema shahidi ni wewe, uliona kwa macho yako mwenyewe.

Sikatai. Nilimpakia, na alinishika. Lakini usinifundishe uthoni, Gitari. Tangu nimuoe dada yako sijawahi kumpa mama mkono wala kukaa naye benchi moja, hata kanisani. Nikikutana naye njiani nashuka kwenye baiskeli, naisogeza majanini, nasimama nimeishika mpaka apite. Watoto wa shule hunicheka. Nimefanya hivyo kwenye mvua na kwenye matope, na nyama za watu zikinisubiri mjini.

Barabara hiyo wewe huijui, ingawa unaipita kila siku. Mimi naijua kwa magoti. Natoka nyumbani kungali giza, suruali nimeifunga kwa kipande cha tyubu isiliwe na mnyororo. Kule bondeni mchanga unameza tairi, nashuka nakokota. Nikipanda upande wa pili napata miiba, na hakuna wiki isiyonikuta nimeinama kando ya njia nikiziba pancha. Halafu yanakuja magari ya muguka yakikimbilia soko kabla majani hayo ya kutafuna hayajanyauka, na lako ndilo baya kuliko yote. Wengine hupiga honi ili nijue wanakuja. Wewe hupiga ili nitoke. Honi yako naijua hata usingizini. Nikifika kazini mwili mzima ni vumbi jekundu, na Kasim huniuliza kama nimekuja kuuza nyama au nimekuja nimeshapakwa viungo niwekwe motoni. Nacheka naye, nanawa, navaa koti jeupe. Lakini moyoni huwa nimekuchukia, na leo sioni sababu ya kukuficha.

Basi asubuhi ile ya Jumanne ya wiki iliyopita kulikuwa kumeanza kupambazuka nilipomkuta mama ameketi juu ya kalavati, fimbo mapajani, mguu wa kushoto ameuzungushia leso. Nilishuka, nikasimama kando kama kawaida yangu nikingoja apite. Hakupita. Nikangoja. Kumbe hawezi kusimama. Leso ilikuwa imelowa, na harufu ya kile kidonda ilinifikia pale nilipokuwa. Aliniambia anaenda hospitali. Nikampigia Muthomi wa pikipiki, akasema ameshafunga magunia ya muguka, hawezi kuyashusha, na wenzake wote ni hivyo hivyo. Nikamwambia mama nitakimbia mjini nilete gari. Akaniangalia usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Ngari, nipakie. Watu watasema hata nikifa."

Nikampakia. Mwanzoni alikaa upande akishika chuma cha keria, lakini mawe yalimrusha, karibu aanguke. Mimi ndiye niliyemwambia anishike. Waambie wazee hivyo, kosa liwe langu.

Tulianguka, hilo unalijua. Nimemwambia kila mtu kwamba niligonga jiwe. Kasim alikuja kutuchukua na gari lake la nyama na kutufikisha hospitali. Daktari alikasirika, akasema sukari imepanda sana na kwamba tungechelewa kidogo tu mguu ungekatwa. Sasa kidonda kinasafishwa kila asubuhi, na mama analala kwa Safiya, mke wa Kasim. Kwangu hawezi kulala, maana huyo atakuwa mbuzi wa pili. Safiya anamkanda mgongo, anampikia uji bila sukari, na kila siku anauliza kama mama huyu hana mtoto wa kiume.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nishike kalamu. Jioni ya Jumatatu mama alikuomba umbebe asubuhi kwenye Probox. Ulimwambia gari ni la muguka, muguka hausubiri mtu, na mguu utavumilia mpaka Jumapili. Sikuyasikia kwa majirani. Aliniambia mwenyewe tukiwa njiani, akiongea mgongoni kwangu polepole, na tena alikuwa anakutetea, kwamba kazi ni ngumu na soko halina huruma.

Hajamaliza kukutetea, nikasikia honi yako nyuma. Naye aliijua. Alisema, "Ni Gitari," na sauti yake ikawa ya mtu aliyepona. Nilihisi mkono wake ukitoka kiunoni mwangu. Alikuinulia mkono usimame. Akageuka ili umwone vizuri, baiskeli ikapinda, tukaingia kwenye miiba. Hapakuwa na jiwe, Gitari. Nikiwa chini niliona taa zako za nyuma zikiwaka nyekundu kwenye vumbi. Ulipunguza mwendo. Nikajua unarudi. Halafu zikazima, ukaenda.

Mama hakuziona, alikuwa ameanguka kifudifudi. Mpaka leo anaamini vumbi lilikuzuia kumtambua. Palepale miibani, kabla sijamwinua, aliniapisha nisimwambie mtu kwamba aliinua mkono, watu wasije wakasema mwanawe alimpita. Hata Wanjira sijamwambia. Lakini Mzee Muchangi aliponiambia kwamba wewe ni shahidi, uliyeona mikono ikiwa kiunoni kwangu, nilikaa chini kwenye kreti ya soda nikashindwa kukata nyama. Kwa hivyo ulimwona. Uliona mpaka ilipo mikono yake, na ukaenda kuuza muguka. Nimevunja neno la mama kwa kukuandikia haya, na nimelivunja kwako wewe peke yako.

Jumamosi nitakuja. Mbuzi nimeshampata, beberu mzuri, nitampa Muthomi amtangulize. Wazee wakiniuliza nitasema nilikosa, na nitakaa kimya kuhusu mengine, kwa sababu mama ameniomba. Wewe utakaa mbele yao na kula nyama hiyo.

Mama naye atakuja. Nilimpa ujumbe wako kwamba utatuma Probox imchukue, akakataa. Amesema atakuja vile alivyoondoka, kwenye keria, na atanishika anapotaka kunishika. Sikumwambia nilichokiona kwenye vumbi. Nilimrudia tu maneno yako aliyoniletea Mzee Muchangi, kwamba uliona kwa macho yako mwenyewe. Akamwomba Safiya amfunge kitambaa kichwani.

Wasalimie Alice na watoto. Waambie bibi yao anaendelea vizuri. Na kama Jumamosi utatukuta njiani, pita tu. Mama amesema hatainua mkono.

Ni mimi mume wa dada yako,
Ngari.