Maji Moto ya Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa kamati ya zahanati inakaa.

Mimi ni fundi saa, mke wangu ni muuguzi wa zahanati hiyo. Tarehe 3 Machi shemeji, yaani kaka wa mke wangu, alitufungia mtambo wa kupasha maji moto kwa jua, tangi la lita mia na hamsini lenye hita ya umeme ya kusaidia siku za mawingu, akauweka kwenye paa la upande wa barabarani ambako ghorofa la jirani hupiga kivuli kuanzia saa nne, nami nilipouliza kwa nini asiuweke upande wa uani penye jua akanicheka, "Shemeji, uani nani atauona?" Kesho yake alfajiri nikapima maji, nyuzi ishirini na tisa, na mke wangu alikuwa ameshawaalika dada zake waje kuoga, basi nikaona aibu kwa niaba yao wote, nikawasha hita kimyakimya, wakaoga, wakamsifu kaka yao mpaka mchana.

Tangu hapo naamka kabla ya wote, napima, naandika, nawasha, nazima. Leo ni siku ya tisini na nne. Daftari linaonyesha kwamba katika kila nyuzi nne za joto jua huleta moja, swichi huleta tatu, na umeme wa kuogea, ambao ni mimi ninayeununua, umepanda kutoka uniti sitini kwa mwezi, tulipokuwa tukichemsha kwa ndoo, hadi themanini, kwa sababu tunachemsha tangi zima ili tuoge ndoo nne. Sasa mke wangu amempendekeza kaka yake afunge mtambo kama huu kwenye wodi ya wazazi, na shemeji ameshapima paa, juu ya geti.

"Baba watoto, kaka amenitoa kimasomaso," aliniambia jana. Niliandika daftarini: "Amefurahi."

Nikisema, nitavunja undugu. Nikinyamaza, kule hakuna wa kuamka kuwasha hita.

Mwenye Daftari

JIBU

Mwenye Daftari, pole. Nusu ya barua nimekuhurumia, nusu nimekukasirikia. Shemeji yako alikosea siku moja. Wewe umelipaka kosa lake rangi siku tisini na nne hadi likawa sifa. Mwongo mwenye vipimo kamili ni mwongo tu. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kitakuwa cha vichanga vya watu.

Leo hii mpe mkeo daftari alisome mwenyewe. Usimsimulie, utaanza kupunguza. Atakasirika, tena zaidi kwako kuliko kwa kaka yake, na ana haki. Kisha mwite shemeji peke yake, kabla kamati haijasikia, mpandishe paani saa sita mchana aone kivuli kwa macho yake. Ahamishie mtambo uani, mpime wiki nzima hita ikiwa imezimwa, na vipimo hivyo ndivyo viende kwenye kamati. Ijumaa isubiri.

Na kesho alfajiri usiguse swichi. Kila mtu aoge yaliyopo. Wewe tangulia.