Msilambe Ule Udongo

Kambini, Ruvuma

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee mara mbili, maana moja haitatosha kwa haya ninayokuandikia. Natumaini wewe na mama mmeamka wazima na kwamba mvua imeshafika Mogitu. Mimi mwili ni mzima, ila nimejaa hofu.

Martina mdogo wangu, wewe unayemsomea baba, simama hapo kwanza. Kile kifuko cheusi cha udongo nilichompa dereva Boay mwezi uliopita kiko wapi? Asikiguse mtu. Ng'ombe wasipewe. Na baba asiuonje, hata kidogo. Haya, sasa endelea kusoma.

Baba, nimepiga simu tangu Jumapili, haipatikani. Najua simu yako ikizima inakaa mpaka mtu apate safari ya Katesh. Ndiyo maana nakimbilia kalamu, kwa kuwa Boay anashusha vitunguu mjini leo na atapitia hapa kabla ya kurudi huko. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Unakumbuka niliacha kazi kwenye machimbo ya makaa ya mawe kwa sababu ya kikohozi. Nilikuwa nikipenga kamasi leso inakuwa nyeusi. Lakini siwezi kuyatukana makaa. Yamenilisha, na viwanda vingi vinawaka kwa hayo. Tena nilikuwa nayaona. Yakinichafua, najua yamenichafua, naoga. Ni sawa na ile mashine ya kusaga ya pale kwetu. Inanuka dizeli na kutoa moshi mpaka macho yanawasha, ila umeme ukikatika ndiyo inayotupa unga.

Hapa nilipo sasa wanatafuta urani. Kazi yangu ni kupanga vifuko vya vumbi la mwamba linalotoka kwenye mashimo wanayochoronga, na kuandika namba. Msimamizi wetu ni mama mmoja mtaalamu wa miamba, tunamwita Madam. Siku ya kwanza nilimuuliza hili vumbi la njano-njano lina faida gani. Akaniambia likishasafishwa na kuingizwa kwenye mtambo wake, kidogo tu linatoa umeme ambao ungehitaji malori na malori ya makaa. Tena halitoi moshi. Akasema moshi wa makaa na mafuta ndio unaopasha dunia joto na kuvuruga mvua. Nikakumbuka matope yaliyoshuka kutoka mlimani hadi Katesh. Kama yanahusiana sijui, sikuthubutu kuuliza. Basi nikaona nimepata kazi safi kweli, nikaanza hata kujivuna kwa wenzangu.

Sasa kosa langu. Baba, wewe ndiye uliyenifundisha. Hukuwa na mtoto wa kiume mkubwa, ukanichukua mimi na punda kwenda ziwani Balangida kuchukua udongo wa chumvi. Ulisema ng'ombe hapewi udongo ambao mwenyewe hajauonja. Unabana kidogo kwa vidole, unaweka kwenye ulimi, unangoja, unatema. Mkono wangu haujasahau. Fuko moja lilipasuka, nikaona ule udongo ulivyo laini, nikaonja kabla sijafikiri. Ulikuwa na ukali kidogo wa chumvi. Nikasema moyoni, mzee ataupenda huu. Nikajaza kifuko, nikamkabidhi Boay. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilikuwa na furaha, baba, nilijiona nimekutumia zawadi.

Jumamosi iliyopita Madam alinikuta nimeonja tena. Alipiga kelele.

"Wewe! Umeweka nini mdomoni?"

"Nimeonja tu, Madam. Kwetu tunaonja, tujue kama ng'ombe watapenda."

"Ng'ombe? Ng'ombe gani tena?"

Hakungoja jibu. Alileta kile kipimo chao cha mionzi akakiweka juu ya fuko, kikaanza kulia ti, ti, ti, kikazidi mpaka hakipumziki. Kisha akakileta kwenye vidole vyangu. Kikalia tena. Nimeosha mikono mpaka ngozi inauma. Makaa yangenionya kwa weusi wake, lakini vumbi hili halina harufu wala rangi mkononi, na bado kipimo kilikuwa kinalia.

Daktari wa kambini amenipima mkojo, majibu bado. Anasema kulamba kidogo mara moja huenda kusinidhuru. Hatari ni kuula siku baada ya siku, au kuvuta vumbi lake, unaharibu figo na mapafu. Niliposikia "siku baada ya siku" nikaona zizi letu. Nikakuona wewe ukiuchanganya na magadi, ukionja kwanza kama kawaida yako, halafu ng'ombe wanalamba, halafu mtoto wa Martina anakunywa maziwa. Nikamwambia Madam yote, hata la kifuko. Ameniambia hata mitambo yenyewe ya umeme inawapa wataalamu shida hiyo hiyo. Umeme unatoka safi, lakini mabaki yake hubaki na sumu muda mrefu kuliko maisha ya watu, na hayatupwi popote. Kazi huenda nikafukuzwa. Na wanifukuze.

Fanyeni hivi. Kifuko msikifungue, msikitupe korongoni wala karibu na kisima, na vumbi likimwagika msilifagie. Kitieni ndani ya gunia, kiwekeni mbali na watu na mifugo. Madam anatuma watu wa kukichukua.

Msalimie mama, na umwambie asilie kabla hajaniona. Msalimie shangazi wa Gitting aliyenishonea sweta, na fundi wa mashine ya kusaga. Yule mtamba wangu mweupe mpeni chumvi ya dukani tu.

Ni mimi binti yako niliyekukosea bila kukusudia,
Emiliana

Baba, nilikuwa nimeshaikunja barua. Boay amefika, nimempa, akaicheka sura yangu. Kisha akasema, "Aa, nimesahau! Mzee alinipa salamu zako. Anasema ule udongo ni mtamu kuliko wa Balangida. Ameficha nusu yake ndani, anaonja kila asubuhi akikukumbuka. Anaomba umletee mwingine."

Nimemnyang'anya barua niongeze haya. Martina, acha kusoma. Mshike baba mkono, mwende hospitali sasa hivi, na barua hii muwaonyeshe. Baba, nakuja.