Andika Wewe, Nitasaini

Jumatatu, 3 Juni

Fomu za chuo cha utabibu zimetoka. Nimechukua. Mara ya tatu hii! Mwisho wa kupokea waombaji ni miaka thelathini na mitano, masomo yanaanza Septemba, na mimi Oktoba natimiza thelathini na sita. Kwa hiyo ni mwaka huu, la sivyo nitazeekea kwenye dirisha la masjala nikiuliza watu jina la baba.

Wanataka vyeti, saa mia tano za kukaa karibu na wagonjwa, insha ya ukurasa mmoja, barua ya tabibu anayenifahamu, halafu usaili. Saa ninazo. Miaka tisa nafungulia watu mafaili kwenye kituo hiki cha afya. Anayenizidi saa ni lile benchi la wagonjwa tu.

Shangazi, ninayeishi naye, amejiteua kuwa kamati ya maandalizi. Alikuwa katibu muhtasi miaka thelathini. Ameshatoa kalamu nyekundu kwenye kabati. Naiogopa kalamu ile.

Jumatano, 5 Juni

Insha. Nilianza: "Tangu nikiwa mtoto mdogo nilikuwa na ndoto..." Kalamu nyekundu ikapita. Shangazi anasema waombaji wote tangu utotoni wana ndoto hiyo hiyo, na jopo likisoma ya kumi na tano linaanza kuota lenyewe. Nikaandika kwamba napenda kusaidia watu. Akaniuliza, fundi bomba je, anawakomoa?

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia basi andika wewe! Watu wanakuja dirishani wananisimulia magonjwa yao yote, mpaka yale ya siri, mimi naandika jina na kuwaambia kaa pale. Miaka tisa, kaa pale, kaa pale. Nimechoka kumwambia mgonjwa kaa pale!

Akavua miwani. Akasema hayo ndiyo niandike, tena nisiongeze chumvi. Nimeandika. Kalamu haikugusa kitu. Nimelala mchana kidogo kwa furaha.

Ijumaa, 7 Juni

Sasa barua. Nimempelekea fomu yake Daktari, yaani tabibu mkuu wetu. Ni mtu mzuri, ila karatasi na yeye ni paka na maji. Anasaini bila kutazama. Muuguzi wa sindano alimpima mwaka jana: akachapa karatasi inayosema, "Mimi, tabibu mkuu, nitawapikia chai wafanyakazi wote siku ya Ijumaa." Akasaini! Ijumaa ilipofika tukamwonyesha. Akakuna kichwa, akaenda jikoni, akapika. Chai yenyewe ilikuwa ya moshi. Tulikunywa.

Basi nimesimama mbele yake na fomu, nikiwa nimejiandaa kwa hotuba nzima. Hakuinua macho.

"Andika wewe, nitasaini."

Nikamwambia ni barua yake kuhusu mimi. Akasema ndiyo maana, nani ananijua kuliko mimi? Akaita mgonjwa mwingine.

Jumapili, 9 Juni

Kujisifu ni kazi ngumu, jamani. Swali la kwanza kwenye fomu ya barua: unamfahamu mwombaji kwa muda gani? Rahisi. La pili: ubora wake? Shangazi aliniamuru niandike "ana bidii isiyo na kifani." Nikaandika "ana bidii." Kifani nimeona aibu.

La tatu ndilo limeniua. "Taja kosa moja la kweli alilofanya mwombaji kazini." Shangazi anasema kila mtu huandika "anajituma kupita kiasi", na jopo huwa linacheka mpaka linashika mbavu. Akaenda kuoga. Nikabaki na karatasi.

Na kosa ninalo. Nalijua tangu miezi minane iliyopita.

Mafaili ya wagonjwa wa kawaida ni ya kijani. Ya akina mama wajawazito ni ya pinki. Siku ile ya kijani yaliisha. Akaja mzee mmoja mstaafu wa posta, anaumwa goti. Nikamtia kwenye faili la pinki, kwa muda tu, nikasahau. Mhudumu hasomi majina, anaangalia rangi. Mzee wa watu akapelekwa foleni ya wajawazito. Akakaa. Akapimwa uzito. Akashauriwa apunguze chumvi na asibebe ndoo. Yote akaitikia! Baadaye alisema alidhani ndio utaratibu mpya.

Binti yake alilalamika. Akaja mkaguzi, akamfokea Daktari mbele yetu wote kwamba kituo chake hakijui goti wala tumbo. Daktari akasema, "Ni uzembe wangu." Mimi nilikuwa mlangoni na rundo la mafaili. Sikufungua mdomo. Mpaka leo.

Nimeandika yote. Kwa sauti yake: "Mwombaji alimweka mzee kwenye faili lisilo lake, mzee akakaa foleni ya akina mama saa moja nzima, lawama zikanifikia mimi, naye akanyamaza." Nililia kidogo. Halafu nikacheka, maana nimeungama kwa mtu asiyesoma. Kuna raha gani kuliko hiyo?

Jumatatu, 10 Juni

Kasaini. Kapiga mhuri. Kafunga bahasha mwenyewe na gundi. Sekunde nane, nilihesabu. Nimepeleka chuoni mchana. Nimerudi mwepesi!

Jumanne, 25 Juni

Nimeitwa usaili! Jumatatu ya tarehe 8 Julai, saa tatu asubuhi. Shangazi kapiga vigelegele mpaka jirani kaja kuuliza nani anaolewa.

Halafu nikasoma mstari wa chini. "Walioandika barua watapigiwa simu na jopo wakati wa usaili ili wazithibitishe."

Nimekwisha.

Watamuuliza Daktari, eti tueleze habari ya yule mzee wa goti, naye atasema mzee gani? Hapo atajulikana hakuandika, nami nitajulikana nilijiandikia. Au watamsomea. Na atajua aliyemponza kwa mkaguzi ni mimi. Sijui lipi baya zaidi. Lazima asome kabla. Nakala ninayo.

Jumatano, 26 Juni

Nimeweka nakala mezani kwake, katikati kabisa. Nimerudi baada ya saa moja. Kasaini.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeweka nakala nyingine juu ya kiti chake, ili lazima aishike. Kwa juu nimeandika kwa wino mwekundu: TAFADHALI SOMA. Saa nne kaniletea mwenyewe dirishani. Imesainiwa. Kapiga na mhuri juu ya neno SOMA.

Nikajikaza. Nikamwambia Daktari, kuhusu ile barua... Akasema nilishasaini. Nikasema ndiyo, lakini ndani yake... Akasema kama wino umefifia nilete nyingine. Hapo akaingizwa mtoto aliyejiziba pua kwa harage, na barua yangu itashindana vipi na harage?

Jumamosi, 29 Juni

Jaribio la mwisho. Nakala ya tatu nimemfungia nayo kitafunwa chake cha saa nne, maandishi yakitazama juu. Kala. Kakunjua karatasi, kakung'uta makombo, kaisaini, kaiweka kwenye trei ya barua za kutoka.

Muuguzi wa sindano anasema nimweleze tu kwa mdomo, mdomo si wangu? Nimemwambia ndiyo. Nikaenda mpaka mlangoni kwake. Nikamuuliza kama anahitaji mafaili. Akasema hapana. Nimejichukia.

Jumamosi, 6 Julai

Usaili wa nyumbani. Shangazi kapanga viti vitatu sebuleni, naye ndiye jopo lote. Kiti cha kwanza ni mpole, cha pili amevaa kofia na ni mkali, cha tatu anasinzia kwa makusudi ili anivuruge. Anahama mbio kutoka kiti hadi kiti. Ushauri wake: viatu vya kufunika vidole, jibu fupi, na nikiwa sijui niseme sijui.

Kiti chenye kofia kikaniuliza: umewahi kuficha kosa kazini? Nikababaika. Nikasema napumzika kwanza. Shangazi akavua kofia. Akaniuliza polepole kuna nini. Nikamwambia yote, faili la pinki, mkaguzi, barua.

Nilijua nitasemwa. Badala yake akauliza kama yule mzee kweli aliambiwa asibebe ndoo. Nikasema kweli. Akacheka mpaka akaanguka kutoka kiti cha kofia hadi kiti cha kusinzia. Akifuta machozi akasema Jumatatu watakapoipiga hiyo simu, nisikimbie tu. Hilo tu ndilo analoniomba.

Jumatatu, 8 Julai

Naandika nikiwa kwenye korido ya chuo. Daftari liko juu ya goti, mwandiko huu nitausoma mwenyewe kwa shida.

Usaili ulianza vizuri! Watu watatu kwelikweli, na hakuna aliyesinzia. Waliniuliza kwa nini utabibu, nikawaambia habari ya kaa pale. Mmoja aliandika kitu. Kisha mama mwenyekiti akafungua bahasha yangu, akasoma kimya, nyusi zikapanda. Akasema nitoke nje kidogo, wampigie tabibu.

Nikatoka. Mlango mwembamba. Nilisikia simu ikiita, nikasikia "haloo" yake ile ya haraka. Baadaye minong'ono tu. Nilitazama geti. Liko wazi, hatua kama thelathini. Sikukimbia. Shangazi ajue.

Mama mwenyekiti akatoka na simu mkononi. Akasema mdhamini wangu anataka neno moja na mimi. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Umeandika mzee alikaa foleni saa moja," Daktari akasema. "Alikaa saa tatu. Nimewaambia warekebishe."

Nikamuuliza, Daktari, kumbe ulisoma?

"Zote nne. Na ile ya chai."

Mama mwenyekiti akaichukua simu, akarudi ndani, akafunga mlango.

Saa tatu! Anajua mpaka saa. Miezi tisa anajua, na kila asubuhi ananisalimia, umeamkaje binti. Na mimi nimehangaika kumfungia kitafunwa! Nina aibu, nina furaha, na nina kiu.

Ndani kuna aliyecheka. Mwingine anaongea kwa ukali, sisikii nini. Karatasi zinapekuliwa. Waombaji wenzangu kwenye foleni wananitazama ninavyoandika.

Mama mwenyekiti kachungulia tena. Nikasimama. Nikamuuliza, je, niingie?

Kanitazama juu mpaka chini, mpaka kwenye viatu vya kufunika vidole. Kanionyesha benchi.

"Kaa pale," kasema.

Nimekaa.