Nondo wa Manjano Asiye na Kinywa

Jumamosi. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri na bati bado linadondosha maji. Moyo wangu mwepesi leo.

Tangu kiwanda alichofanyia kazi kizimwe, mume wangu hushinda kitandani akiutazama ukuta. Alikuwa fundi wa maabara, mtu wa maswali. Siku hizi haulizi kitu.

Mvua zilizopita nilinunua vinkubala sokoni, viwavi wanene tunaowakaanga. Wachache walikuwa hai. Nikawaweka kwenye ndoo ya udongo nione watageuka nini. Wakajizika humo. Wakati wa baridi nilifukua, nikakuta kitu cha kahawia, kigumu kama kokwa, hakina miguu wala kichwa. Nilipokigusa, kikatikisa mkia! Nikakifukia haraka.

Leo asubuhi, nondo ananing'inia kwenye pazia. Mkubwa kama kiganja changu, manjano kama unga wa mahindi ya njano, na madoa mawili kama macho.

Ni walewale tunaowafagia barazani kila mvua zikianza.

Tangu utotoni nimekula watoto wake bila kumjua mama yao.

Nilipiga kelele.

"Mama Kalenga, iko nini?" mume wangu akauliza kutoka chumbani.

"Kuya uone! Njo kinkubala ya mu ndoo!"

Akaja. Nilichovya pamba kwenye maji ya sukari, nondo hakuigusa. Mume wangu akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia pazia.

"Aiko na kinywa," akasema.

"Sasa inaishi na nini?"

Akazidi kuinama, akifikiri. "Labda ilikulaka yote wakati ilikuwa kinkubala. Sasa inamaliza akiba."

Tumeshinda naye pale. Tumbo lake limejaa, mume wangu anadhani ni jike, ana mayai, na dume atamfuata kwa harufu. Basi, jioni hii mume wangu anataka dirisha libaki wazi. Katika mji huu, mwaka huu, nani analala dirisha wazi? Wezi wamebeba hata milango ya majirani.

"Nitalinda miye mwenyewe," amesema.

Niliogopa, nikakubali. Nimemletea koti, nikavuta kiti changu karibu na chake.

Dume ana rangi gani? Nataka kujua.